Ugonjwa wa Lugha Tatu

Katika nchi moja ambayo wenyewe wameomba isitajwe, kipindupindu kilifutwa kwa sheria. Mswada ulisomwa mara moja badala ya mara tatu, kwa sababu waheshimiwa kadhaa walikuwa wanaharisha na Spika alitaka kura zipigwe wakiwa bado ukumbini. Ulipita bila kupingwa. Kuanzia siku hiyo, daktari aliyeletewa mtu anayetapika na kutoa choo cheupe kama maji ya kuoshea mchele aliruhusiwa kuandika mojawapo ya mambo mawili: “tumbo la msimu” au “uzembe wa mgonjwa”. Sheria ilikuwa na utu. Ilimpa mgonjwa haki ya kuchagua, mradi achague mapema.

Ushindi huo ulisimamiwa na Wizara ya Afya na Sifa, chini ya Mheshimiwa Dakta Pundugu, ambaye udaktari wake alitunukiwa na chuo cha ufugaji wa kuku baada ya kukifungulia choo.

Nchi yenyewe ina lugha tatu. Lugha ya Serikali ni ya magazeti, shule na vituo vya polisi. Lugha ya Wafadhili ni ya mikutano inayofanyika hotelini, yenye sambusa. Kibonde ni lugha ya watu wa Bonde, mto unakoanzia, na hairuhusiwi katika ofisi yoyote ya umma kwa kuwa, kama waraka mmoja ulivyoeleza, haina maneno ya kutosha ya kumwamkia mkubwa. Raia mwema anajua lugha moja. Raia aliyesoma anajua mbili, lakini hazitumii siku moja.

Siwatu Mwinyikai alizijua zote tatu, na alizitumia kila siku. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kutafsiri zile karatasi nyembamba zinazokunjwa ndani ya pakiti za dawa, ambazo hakuna anayezisoma mpaka mtu azimie. Jioni alifanya kazi isiyo na mshahara. Aliandika katika ensaiklopedia huria ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuihariri, awe profesa au mwizi wa kuku. Alikuwa ameandika juu ya kupe, kupatwa kwa mwezi, madaraja ya chuma na minyoo ya watoto. Makala moja aliiandika mara tatu, kwa lugha tatu, kisha akazisoma sambamba ili kuhakikisha kwamba zinasema kitu kimoja. Upande wa Kibonde alikuwa karibu peke yake. Mwenzake pekee alikuwa padri mstaafu aliyeishi ng'ambo, na yeye aliandika juu ya nyuki tu.

Watu waliomuuliza anapata faida gani aliwajibu kwamba ensaiklopedia ile ndiyo mahali pekee katika maisha yake ambapo mtu akisema jambo anaulizwa amelitoa wapi. Waliomuuliza hawakumuuliza tena.

*

Siku moja mchana alipigiwa simu na mama yake mdogo, Bi Mafunda, ambaye aliishi Bonde na alikuwa na mashine ya kusaga unga.

“Mwanangu, huku watu wanakwisha,” alisema Bi Mafunda. “Leo tumezika mume wa fundi cherehani. Jana alikuwa hapa mashineni ananitania.”

“Wanaumwa nini, mamdogo?”

“Tumbo la msimu. Bwana Afya amekuja na kipaza sauti anasema tumbo la msimu. Nikamuuliza, msimu gani? Sisi tuna masika na kiangazi, na watu wanakufa misimu yote miwili. Akasema nina mdomo.”

“Choo chao kikoje?”

“Mimi nakupigia nikiwa nakula, nawe unaniuliza choo?”

“Kikoje, mamdogo?”

“Kama maji ya mchele.” Sahani ilisikika ikisukumwa kando. “Haya, sasa sili tena. Niandikie kwenye hiyo simu yenu, kwa lugha ya watu. Wanawake wakingoja zamu ya kusaga huwa nawasomea. Yale ya minyoo niliwasomea, wakanisikiliza kuliko wanavyomsikiliza shehe.”

Kabla ya kuandika neno, Siwatu alifanya kama kawaida yake. Alifungua makala ya kipindupindu katika lugha zote alizozijua.

Ya Kibonde haikuwapo. Ya Lugha ya Serikali ilikuwa fupi na safi: “Kipindupindu ni ugonjwa wa kihistoria uliozipata baadhi ya nchi jirani kwa sababu ya uongozi mbaya.” Ya Lugha ya Wafadhili ilikuwa ndefu, ina ramani na takwimu za kutia uchungu: “Nchi hii inakabiliwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu, hasa Bonde, na inahitaji msaada wa haraka.” Chanzo kilikuwa hotuba ya Mheshimiwa Dakta Pundugu katika mkutano wa wafadhili ng'ambo, pamoja na video yake. Siwatu aliitazama yote. Waziri alikuwa amelia mara mbili, na mara ya pili aliomba kitambaa.

Ensaiklopedia ile ina kitu kinachoitwa historia, yaani kila badiliko linahifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya. Siwatu alibonyeza historia ya makala zote mbili. Mwandishi alikuwa mmoja: MzalendoHalisi. Alikuwa amefuta ugonjwa katika lugha moja, akanywa pengine chai, kisha akauandika katika nyingine.

Siwatu hakuwa mtu wa kupandwa na hasira. Alichohisi ni kile anachohisi mtu aliyegundua kwamba kitambaa anachofutia sahani ndicho kinachofutiwa choo, na kwamba mpishi analijua hilo tangu zamani.

Aliandika makala ya Kibonde kwanza. Aliandika ugonjwa unavyoenea, dalili zake, namna ya kuchemsha maji, na namna ya kumnywesha mgonjwa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na kumkimbiza kwa daktari. Kila sentensi aliiwekea chanzo. Kisha akaenda kwenye makala ya Lugha ya Serikali na kuongeza sentensi moja tu: “Kwa mujibu wa Waziri wa Afya na Sifa, ugonjwa huu upo nchini.” Chini yake aliweka hotuba, na video yenye kitambaa.

*

Sentensi ilifutwa kabla hajafunga kompyuta. Aliirudisha. Ikafutwa. Katika ensaiklopedia ile, wanaobishana hupelekwa kwenye ukurasa wa majadiliano, na huko ndiko Siwatu alikokutana na MzalendoHalisi ana kwa ana, kama inavyowezekana kukutana na mtu asiye na uso.

“Chanzo chako ni cha lugha ya kigeni,” aliandika MzalendoHalisi.

“Chanzo changu ni Waziri wetu.”

“Waziri akiwa ng'ambo huzungumza kwa niaba ya wasikilizaji.”

“Swali ni dogo. Ugonjwa upo au haupo?”

“Inategemea unasoma lugha gani, dada. Usilete ubishi wa sokoni hapa, tunajenga maarifa.”

Siwatu aliomba wakabidhi waingilie. Wakabidhi ni watu wa kujitolea wanaolinda ensaiklopedia, na huyu aliyekuja aliishi katika nchi yenye theluji, alikuwa na moyo mwema, na hakujua kusoma Lugha ya Serikali. Aliwashauri wote wawili wakumbuke kwamba upande wa pili nao una nia njema. Kisha akaomba maafikiano.

Maafikiano yalipatikana upesi. Ghorofa ya nne ya Wizara ilikuwa na ukumbi wa Wahariri wa Taifa, maafisa wenye vitambulisho shingoni, ambao hawakuruhusiwa kwenda kula mpaka kila mmoja awe amefungua majina matano ya kuhariria. MzalendoHalisi aliungwa mkono na MzalendoKamili, MzalendoZaidi, MkulimaWaKawaida, MamaWaWatotoWanne na mwingine aliyejiita MtuMwingineKabisa. Wote waliandika sentensi moja, yenye nukta mbili mahali pamoja. Mkabidhi wa thelujini alivutiwa na umoja wa wananchi wale. Siwatu alizuiwa kuigusa makala hiyo kwa kosa la kukataa maafikiano.

Makala ya Kibonde haikuguswa. Si kwamba walimwonea huruma. Hapakuwa na mtu Wizarani aliyeweza kuisoma. Karani wa mwisho aliyejua Kibonde alikuwa amefukuzwa kwa kujua Kibonde.

Huko Bonde, Bi Mafunda aliisoma mashineni. Alipiga simu kutoa taarifa.

“Nusu wanachemsha,” alisema. “Nusu wanasema huyo Siwatu wako ni nani, ana muhuri? Bwana Afya ana muhuri. Mwenye muhuri amesema maji ni mazuri.”

“Na walioamini muhuri?”

“Tunawazika, mwanangu. Wanazikwa na muhuri wao.”

*

Wiki iliyofuata Siwatu aliitwa Wizarani, kwa Bwana Tegemeo Makwaya, Mkurugenzi wa Usahihi wa Taifa. Mkurugenzi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na nyuma ya kiti chake zilipangwa katoni za maji ya chupa yaliyoletwa kwa ndege.

“Karibu, Bi Siwatu. Utakunywa maji? Haya ni salama, usiogope.”

“Kwani mengine yana nini?”

Makwaya alicheka mpaka tai ikatikisika. “Una ulimi. Kaa, kaa. Unajua tatizo lako, dada yangu? Unasoma sana upande upande. Mwananchi wa kawaida anasoma lugha moja, anaridhika, analala. Wewe unasoma hii, unaruka kule, unarudi. Hata gari haliendeshwi hivyo.”

“Waziri alisema kipindupindu kipo.”

“Alisema kule.”

“Na hapa anasema hakipo.”

“Hapa ni hapa. Wewe ukienda msibani unapiga vigelegele? Kila mahali pana maneno yake. Huo si uongo, hiyo ni adabu. Walimu wako hawakukufundisha adabu?”

“Watu wanakufa Bonde, Mkurugenzi.”

“Ndiyo maana nimekuita.” Makwaya aliegemea mbele, akawa na sura ya mtu anayetoa zawadi. “Wafadhili wametuletea vidonge vya kutia kwenye maji. Shehena nzima, bohari haifungiki. Lakini wana masharti yao, wale watu. Wanataka kila pakiti iwe na maelezo kwa lugha ya mtumiaji. Na mtumiaji, samahani, anasema Kibonde. Wewe kazi yako ni maelezo ya dawa. Utuandikie. Mheshimiwa atatia saini yake chini, tutapiga muhuri, magari yaondoke. Nawe utaniahidi kwamba ule ukurasa wa Lugha ya Serikali hutaugusa.”

“Nimeshazuiwa kuugusa.”

“Basi umekubali. Unaona tunavyoelewana?”

Alimsukumia karatasi mbili, zote zimeshatiwa saini na Waziri. Siwatu alizisoma papo hapo, kwa sababu hakuwa na desturi ya kupokea karatasi bila kuisoma.

Ya Lugha ya Serikali ilisema: “Zawadi ya Mheshimiwa Waziri kwa wananchi wa Bonde, ambao wana afya njema. Kidonge hiki hakizuii ugonjwa wowote, kwa kuwa haupo. Tia kimoja katika maji ili kuyachangamsha.”

Ya Lugha ya Wafadhili ilisema: “Msaada wa dharura dhidi ya kipindupindu. Ugonjwa huu huenezwa na maji na chakula vilivyoingiliwa na kinyesi cha binadamu. Umeua watu wengi Bonde kutokana na pengo la upashanaji habari kwa jamii. Tia kidonge kimoja katika ndoo ya lita ishirini, funika, ngoja nusu saa kabla ya kunywa.”

“Nitafsiri ipi?” aliuliza Siwatu.

“Ipi vipi?”

“Karatasi ni mbili.”

“Si kitu kimoja?”

“Hapana. Hazisemi kitu kimoja.”

Mkurugenzi alizitazama zile karatasi kwa mbali, kama mtu anayetazama watoto wa jirani wakipigana. Ilikuwa karibu saa sita, na harufu ya pilau ilikuwa imeshapanda kutoka kantini.

“Zote zina saini ya Mheshimiwa?”

“Zote.”

“Basi mimi nitasemaje kwamba moja ni bora? Unataka nimkosoe Mheshimiwa kwa Mheshimiwa? Hayo ni mambo ya kitaalamu, dada. Chagua inayofaa.”

“Nichague mimi?”

“Chagua wewe. Usinichoshe.”

Siwatu alichagua inayofaa. Aliitafsiri neno kwa neno, isipokuwa mahali pamoja. Kibonde hakina namna ya kusema “pengo la upashanaji habari kwa jamii”. Ilibidi aandike: “kwa sababu hawakuambiwa”.

*

Uzinduzi ulifanyika Bonde, katika uwanja wa shule, na kurushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa. Siwatu aliutazama akiwa kazini, katika bohari ya dawa, pamoja na wapakiaji. Turubai la wageni lilikuwa jekundu. Wananchi walikaa juani kwa sababu, kama mshereheshaji alivyofafanua, jua ni lao.

Mheshimiwa Dakta Pundugu alisimama baada ya ngoma mbili na kwaya moja.

“Ndugu wananchi,” alisema, “kuna maneno yanaenezwa na maadui, watu waliokosa malezi, kwamba serikali hii inabagua lugha ndogo. Leo nitawaziba midomo. Leo nitasoma maelezo haya kwa lugha yenu wenyewe, kwa kinywa changu mwenyewe. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu ni shahidi.”

Alivaa miwani, akainua pakiti juu, na akasoma kwa Kibonde, kwa sauti ya mtu anayetangaza uhuru: “Msaada wa dharura dhidi ya kipindupindu.”

Uwanja ulinyamaza. Hata watoto waliokuwa wakigombania chupa tupu walinyamaza. Waziri aliuona utulivu ule, akajua amewagusa, akaongeza sauti. Alipofika kwenye “kinyesi cha binadamu” alikunja ngumi na kuinyanyua, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa mwisho wa mstari na mahali pazuri pa kupigiwa makofi. Hakuna aliyepiga.

Kutoka katikati ya umati, Bi Mafunda alipaza sauti kwa Kibonde. “Rudia hapo.”

Waziri alimuuliza msaidizi wake mama yule anasema nini. Msaidizi hakujua. Alisema anamwombea maisha marefu.

“Nawe pia, mama,” alisema Waziri, na kwa kuwa alikuwa mtu wa watu, akarudia. Alirudia kinyesi, na ngumi juu, kisha akaendelea: “Umeua watu wengi Bonde, kwa sababu hawakuambiwa.” Alisoma hadi saini yake mwenyewe, akaitamka kwa fahari, na kuketi. Balozi wa wafadhili, aliyekuwa akifuatisha kwenye nakala yake, alisimama kumpa mkono. Televisheni haikuweka tafsiri chini ya picha, kwa sababu kituo hakikuwa na mtu wa kuifanya. Mtangazaji aliwaambia watazamaji wa mji mkuu kwamba Mheshimiwa alikuwa anatoa salamu za kimila.

Bohari nzima ya dawa ilikuwa ikitazama, na mpakiaji mmoja, mzaliwa wa Bonde, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Siwatu hakucheka. Alikuwa anaandika katika makala ya Kibonde: “Kwa mujibu wa Waziri wa Afya na Sifa, ugonjwa upo, umeua, na wananchi hawakuambiwa.” Chanzo: pakiti iliyopigwa muhuri, na televisheni ya taifa.

Jioni Bi Mafunda alipiga simu. “Kila nyumba inachemsha. Hata Bwana Afya. Nimemkuta anapuliza kuni, macho mekundu, nikamwambia msimu umekuja eeh?”

*

Aliyeiharibu furaha hii alikuwa Balozi. Katika chakula cha jioni alimsifu Waziri kwa ujasiri wa kukiri hadharani mbele ya wananchi wake, na alimsifu kwa Lugha ya Wafadhili, ambayo Waziri aliielewa.

Baraza la Mawaziri lilikaa siku nzima. Hali ilikuwa nzito: ama Waziri amesema uongo mbele ya taifa, ama kipindupindu kipo. Mambo yote mawili yamekatazwa na sheria. Mwanasheria wa serikali ndiye aliyewaokoa. Alieleza kwamba ukweli, kama ardhi, una mipaka, na kwamba tamko lolote lina nguvu ndani ya lugha lililotolewa tu. Mawaziri walipumua. Asubuhi redio ilisoma tangazo:

“Wananchi wanajulishwa kwamba kipindupindu kipo kwa Kibonde. Katika Lugha ya Serikali hakipo na hakitakuwapo. Wakazi wa mji mkuu wanaombwa waendelee kunywa maji kwa kujiamini.”

Siku hiyo hiyo Siwatu aliachishwa kazi na kupewa hati ya mashtaka: “kutafsiri kwa usahihi uliopita kiasi, kwa nia ya kuidhalilisha serikali kwa maneno yake yenyewe.” Aliyetia saini kama mlalamikaji, na aliyeandikwa pia kama shahidi wa kwanza, alikuwa Tegemeo Makwaya. Katika maelezo yake alikumbuka kila kitu kilichosemwa ofisini siku ile, hata pilau, isipokuwa maneno “chagua wewe”.

Mto wa Bonde hupita mashambani, hupita kambi ya jeshi, na kuishia katika mabomba ya mji mkuu. Waliotangulia kuugua mjini walikuwa wale wa vibandani, na hao hawakuhesabiwa. Kisha ugonjwa ukapanda mtaa baada ya mtaa. Yaya na walinzi wa mageti, wengi wao watu wa Bonde, walijua la kufanya, lakini walikatazwa kupoteza gesi ya tajiri kwa kuchemsha maji yasiyo na kosa. Katika Hospitali Kuu dripu zilitengwa kwa wasemaji wa Kibonde, ambao peke yao walikuwa na ugonjwa unaotambulika. Wodini, kwenye vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini, watu wenye shahada walisikika wakijifunza kuugua kwa Kibonde. Wengi hawakuwa na muda wa kujifunza. Kadi zao zilijazwa “uzembe wa mgonjwa”, kwa kalamu ya bluu, na jamaa zao walitakiwa kuomba radhi.

*

Makwaya alifika nyumbani kwa Siwatu mchana, kwa miguu, bila dereva na bila tai. Alibisha hodi kama mtu anayeogopa kuitikiwa.

Siwatu alimfungulia na kusimama mlangoni.

“Nina binti,” alisema Makwaya. “Wa mwisho. Tangu asubuhi.”

“Mpeleke hospitali.”

“Mtoto wa Mkurugenzi wa Usahihi? Wamwandikie kwamba anasema Kibonde?” Alijifuta uso kwa kiganja. Viatu vyake vilikuwa na matone, na alinuka kile ambacho sheria ilisema hakipo. “Yaya alikuwa anachemsha maji. Nilimfukuza kwa sababu ya gesi. Akiondoka alisema kuna ukurasa. Nimeufungua, siwezi kuusoma hata neno. Nisomee, Bi Siwatu. Nitaandika.”

Siwatu alimtazama. Alijikagua kama ana huruma, hakuiona. Aliona mtu aliyekausha kisima cha mtaa mzima, sasa amekuja na kikombe. Lakini binti hakuwa ametia saini kitu chochote, na vipimo vya chumvi na sukari havibadiliki kwa kumtazama anayeuliza. Alimpa kiti, akafungua ukurasa, akaanza kutafsiri kwa sauti, kutoka Kibonde kwenda Lugha ya Serikali.

“Kipindupindu ni ugonjwa wa kuambukiza unao—”

“Hilo neno liruke,” alisema Makwaya bila kuinua macho. “Anza kwenye maji.”

“Siliruki.”

“Dada yangu, mtoto anakufa.”

“Ndiyo. Kwa ugonjwa. Una jina.”

Alirudi mwanzo wa mstari na kulitamka tena, polepole, kama anayemsomea karani. Kalamu ya Makwaya ilisita, kisha ikatembea. Siwatu aliendelea: maji yachemke sawasawa, yapoe yakiwa yamefunikwa, lita moja, sukari, chumvi, anyweshwe kidogo kidogo kila mara hata akitapika, akilegea apelekwe kwa daktari bila kungoja. Makwaya aliuliza kama vijiko ni vya kujaa au vya kusawazisha. Vya kusawazisha. Aliuliza tena juu ya chumvi. Lilikuwa swali zuri, la mtu makini, na Siwatu alilijibu.

Alipomaliza aliomba aione karatasi, ahakiki. Makwaya alimpa. Juu kabisa, kwa mwandiko mzuri wa ofisini, alikuwa ameandika “Tumbo la Msimu” na kupiga mstari chini yake. Vipimo vyote vilivyofuata alikuwa amevinakili bila kosa hata moja.

Siwatu alimrudishia. Mkurugenzi aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani, upande wa moyo, akainuka haraka. Mlangoni alikumbuka jambo.

“Kesi yako ni Alhamisi,” alisema. “Usichelewe.”